Siku Moja Maishani Mwangu: Kusoma Hofu ya Soko Kwenye Opsheni, Chicago

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai natazama VIX, kipimo cha mtikisiko wa bei ambao soko linautarajia. Cboe, soko la opsheni la hapa Chicago, hukikokotoa kutokana na bei za opsheni (mikataba inayompa mnunuzi haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyokubaliwa) za fahirisi ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, S&P 500. Leo kiko 16. Kipimo hiki ni cha mwaka mzima; ili kukigeuza kuwa cha siku nakigawa kwa 16, takriban kipeuo cha pili cha idadi ya siku za soko kwa mwaka, na leo napata 1: soko linatarajia kupanda au kushuka kwa takriban asilimia 1 kwa siku. Namba za alfajiri lakini nazipokea kwa tahadhari. Tarehe 5 Agosti 2024 VIX ilipita 65 kabla soko la New York halijafunguliwa, kisha ikafunga siku ikiwa 38.57. Wafanyabiashara wanapokuwa wachache, pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza hutanuka. Kipimo kinachukua katikati ya bei hizo, kwa hiyo kinaweza kuruka hata kama hakuna mkataba ulionunuliwa.

Saa 1 asubuhi, ofisini. Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu OCC, taasisi inayosimamia ulipaji wa mikataba ya opsheni za hisa Marekani, imeshatoa hesabu ya mikataba iliyobaki wazi, yaani ambayo bado haijafungwa. Jana puti za kampuni moja ya chipu za kompyuta, yaani haki za kuuza hisa zake kwa bei iliyokubaliwa, zilibadilishana mikono zaidi ya 20,000, na kila mkataba ni hisa 100. Koli, haki za kununua, hazikufika nusu yake. Mitandaoni ikawa kelele: wakubwa wameingiwa na hofu!

Asubuhi hii mikataba iliyo wazi ya puti zile imepungua kwa karibu idadi hiyohiyo. Mkataba haufutiki mpaka aliyeununua na aliyeuuza wote wawe wametoka. Waliokuwa wameshika puti kama kinga dhidi ya kushuka kwa hisa wameiachia. Hofu ilikuwa inatoka sokoni, na watu wakaisoma kama inaingia.

Ndiyo maana uwiano wa puti kwa koli nikipewa peke yake siufanyii kazi. Kila puti ina mnunuzi na muuzaji, na namba haisemi nani alikuwa na haraka. Wala haisemi kama mnunuzi anaombea hisa ishuke au anazo hisa tele na anazikatia bima.

Saa 2:30 soko linafunguliwa. Nusu saa ya kwanza naipisha.

Saa 4 nalinganisha bei ya puti ambazo bei yake iliyokubaliwa iko mbali chini ya bei ya soko na koli ambazo yake iko mbali vivyo hivyo juu. Tangu tarehe 19 Oktoba 1987, fahirisi ya hisa ya Dow Jones ilipoanguka asilimia 22.6 kwa siku moja, puti za fahirisi kwa kawaida ndizo ghali. Kwa hiyo sishangai kuzikuta ghali; nachotafuta ni kama zimekuwa ghali kuliko wiki iliyopita. Leo pengo limepungua, na hilo linakubaliana na hesabu ya asubuhi.

Saa 8 mchana zinatawala opsheni zinazokwisha leoleo. Tangu 2022 za S&P 500 zipo kila siku ya kazi. Hazionekani kwenye hesabu ya kesho, kwani zinakufa kabla ya kuhesabiwa, na wingi wake unavuruga uwiano wa siku nzima. Mimi nazitenga kwanza, ndipo nasoma zilizobaki.

Saa 9:30 alasiri, soko limefungwa, namwandikia msimamizi wa mfuko wa pensheni tunaoushauri: kinga inauzwa, puti za mbali zinashuka bei, na kampuni ile inatangaza mapato wiki ijayo. Kama anafikiria kuzikinga hisa zake, anunue kesho, kabla wengine hawajarudi kuitafuta kinga hiyohiyo.