Nyumba ina wafadhili, ghala halina

Mvua imeanza alfajiri, na nimeshinda ghalani nikihamisha ndoo. Leo ni ndoo saba. Tulianza mwaka na tatu.

Huu ni mwaka wa pili tangu tuanze kuchangisha fedha za kukarabati shamba hili la kale: nyumba kubwa ya mawe, ghala, zizi, banda la mikokoteni na kisima. Kwenye makaratasi yote hayo ni mradi mmoja. Mifukoni mwa watu ni miradi miwili, na mmoja ni yatima. Nyumba kubwa kila mtu anaitaka. Wapo walioomba kulipia ngazi, dirisha, hata kitasa, mradi jina lao likae karibu nacho. Nikitaja zizi, mtu anatazama saa.

Lawama nyingine ni yangu. Kipeperushi cha kwanza nilikiandika mimi, na picha ya mbele nikaweka nyumba, jua la jioni likiipiga ubavuni. Ghala lilionekana kama doa nyuma ya mti.

Aliyenigeuza ni mzee mmoja aliyefanya kazi hapa ujanani. Tulimwalika atusimulie habari za nyumba. Akaipita kama haioni, akaenda moja kwa moja ghalani, akasimama kati ya ile milango miwili mikubwa inayotazamana. "Mwanangu, unajua kwa nini iko miwili?" Nikamjibu kwamba mkokoteni uingie huku na kutokea kule. Akacheka. Hilo nalo lipo, akasema, lakini siku ya kupeta milango yote ilifunguliwa ili upepo ukate katikati, upeperushe makapi, nafaka ibaki sakafuni. Jengo zima lilikuwa ungo!

Basi niliona haya, maana wiki ileile nilikuwa nimeandika barua ya kumkubalia mfadhili aliyetaka ghala liwe ukumbi wa sherehe. Fedha zilikuwa nzuri. Sharti lake lilikuwa dogo tu: mlango wa nyuma uzibwe kwa ukuta, pawe na jukwaa. Barua ile haikutoka. Wapo kwenye kamati ambao mpaka leo wananisalimia kwa mkato.

Ruzuku tuliyo nayo sasa ni ya nusu kwa nusu: tukichanga nusu, wao wanaongeza nusu. Mkutanoni tulipiga makofi. Baadaye mweka hazina akasoma ukurasa wa mwisho, akavua miwani. Wanalipa baada ya kazi kukamilika na risiti kuwasilishwa. Maana yake fundi alipwe kwanza kwa fedha tulizo nazo, kisha tusubiri. Kwa hiyo tunachohitaji hasa ni mtu wa kutukopesha kwa miezi michache, na hakuna kipeperushi kinachomvutia mtu kwa maneno hayo. Tumeigawa kazi vipande vidogo, paa la ghala likiwa la kwanza. Tunamaliza kipande, tunarudishiwa fedha, tunaanza kingine. Ni mwendo wa kinyonga, lakini hatudaiwi.

Kila mara naulizwa pia kwa nini tusitumie saruji, kazi iishe upesi. Ukuta wa kusini ndio jibu langu. Kuna mtu zamani aliuziba nyufa zake kwa saruji. Mawe haya yalijengwa kwa chokaa, ambayo ni laini na inaruhusu unyevu kutoka. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Maji yakaingia kwa juu, yakakosa njia ya kutokea, yakaanza kulila jiwe. Ukipitisha mkono, uso wa jiwe unabanduka kama gamba na saruji inabaki imesimama peke yake. Watu wakigusa hapo, mabishano huisha. Kuichokonoa saruji hiyo kwa patasi, bila kuumiza jiwe, ni gharama ambayo bajeti ya kwanza haikuiona kabisa.

Msanii na mwandishi William Morris na wenzake walipoanzisha chama cha kulinda majengo ya kale Uingereza mwaka 1877, walihimiza uangalizi wa kila siku badala ya ukarabati wa kubomoa na kujenga upya. Zamani nilidhani ni maneno ya watu wasio na haraka. Lakini boriti iliyooza juu ya kichwa changu leo ilianza na mfereji wa paa uliojaa majani. Mtu mmoja na ngazi, nusu siku, wangetosha. Nani ataandikwa jina kwenye mfereji?

Jioni mvua ilipokatika nilifungua milango yote miwili, upepo ukapita kweli. Nikapiga picha ya kipeperushi kipya, ndoo zikiwa palepale katikati ya sakafu. Mweka hazina ameiona, anasema nirudie bila ndoo, zinatia aibu. Nimeshaipeleka kwa mchapaji.