Ukuta Nyuma ya Kabati

Jumapili usiku. Mikono bado inanuka tapentaini na mgongo umenikaza, lakini nikilala bila kuandika nitayasahau haya, au nitayakumbuka kwa namna ya kunipendelea.

Nyumba ya Mama inauzwa. Magoti yake yamegoma ngazi, amehamia kwa mdogo wangu, na sisi watatu tumekubaliana kwamba hakuna atakayerudi kuishi hapa. Dalali alikuja mwezi uliopita, akapita chumba kwa chumba akichezesha funguo za gari kidoleni, hakusifu kitu. Alipomaliza akaniambia, "Dada, nyumba ni nzuri, ila imejaa nyinyi." Nikamchukia pale pale. Kisha nikamwuliza nianzie wapi. Akasema nitoke nje, nifunge geti, halafu niingie kama mtu ambaye hajawahi kufika.

Nikafanya hivyo, peke yangu, alipokwisha kuondoka, maana niliona aibu. Geti likalia kama mbuzi. Sikuwa nimelisikia kwa miaka. Lilikuwa likilia tu, nasi tukipita. Chini ya koki ya uani palikuwa na ndoo ya kukinga matone, na ndoo yenyewe ilikuwa imeota ukoko wa kijani. Mtu mzima na akili zangu, nimeishi na ndoo inayokinga maji ya koki ambayo kipete kipya cha mpira cha ndani yake (washa) kingeinyamazisha kwa dakika 10.

Lakini geti na koki si kitu. Kilichonitisha ni harufu. Nililala kwa mdogo wangu siku mbili, niliporudi na kufungua mlango ikanipokea: harufu ya nguo zilizoanikwa zikakosa jua. Pua ya mwenye nyumba huacha kuhesabu harufu ya nyumba yake, ndiyo maana hutaisikia mpaka uondoke urudi. Mdogo wangu akapendekeza manukato ya kupuliza. Dalali akakataa katakata. Akasema mteja akikutana na manukato makali mlangoni, jambo la kwanza analojiuliza ni tunaficha nini. Tukaishia kufungua madirisha yote kila asubuhi na kufua mapazia. Ikapungua. Haikuisha, na hapo ningepaswa kuanza kujiuliza mwenyewe.

Kupunguza vitu sitaki kukusimulia. Ni kazi ya kubeba. Tulitoa karibu nusu ya samani za sebuleni, viti tukavisogeza kutoka ukutani, na chumba kikaonekana kikubwa kuliko kilipokuwa na vitu vilivyobanana pembeni, jambo ambalo bado nalishangaa. Picha za familia zote zikaenda sandukuni. Hapo ndipo ukuta ukatusaliti: kila picha iliacha nyuma yake mraba mweupe safi, na kuzunguka kila mraba rangi iliyofifia kwa vumbi na jua. Sebule ikawa na madirisha ya uongo kumi na moja. Kwa hiyo tukalazimika kupaka rangi, na kwa kuwa tunapaka rangi tukalazimika kusogeza kabati kubwa la Mama.

Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa na doa la urefu wa mtoto wa miaka mitano. Chini lilikuwa jeusi la kuvu, juu likiishia kwa mstari wa manjano uliopinda kama ramani ya pwani.

"Tupake rangi ya mafuta, dada," mdogo wangu akasema. "Mara mbili. Kabati tulirudishe. Nani ataona?"

Naandika hapa kwa kuwa hapa siongopi: nilikubali. Nilishika msasa mwenyewe, nikasugua kuvu, nikafuta, nikapaka koti la kwanza, nikasubiri, nikapaka la pili. Ukuta ukang'aa. Nikajisikia mjanja. Anatajwa Mmarekani mmoja, Barb Schwarz, kuwa ndiye aliyeanzisha kazi hii ya kuzipamba nyumba kabla ya kuziuza, mwaka 1972, na jina waliloipa huko, staging, limetoka kwenye jukwaa la maigizo. Nilipolisoma hilo nilicheka. Nilikuwa nimeshika brashi nikimpaka mwigizaji poda juu ya kidonda.

Siku ya nne rangi ikatoa malengelenge. Yalikuwa yamejaa upana wa kiganja, laini, yenye joto la chumba. Nikabonyeza moja kwa kidole gumba. Likapasuka bila sauti, na ndani mkatoka kijitone cha maji na unga mweupe mkavu uliobaki kuchani. Nikaulamba, sijui kwa nini. Chumvi.

Fundi mzee tuliyemwita hakuutazama ukuta hata dakika moja. Alitaka kuona upande wa nje. Nje ya ukuta ule ndipo lilipo tuta la maua la Mama, lenye miaka zaidi ya 20, na kila mwaka Mama akiliongezea samadi na udongo. Na mimi, mwezi huu, ili uani papendeze machoni mwa wanunuzi, nililiongezea toroli sita nyingine na kulimwagilia asubuhi na jioni. Fundi akachukua jembe akachimba pembeni ya ukuta. Chini kabisa, karibu na goti, ukatokea mstari mweusi kati ya tofali na tofali. "Huu ndio mpaka," akasema. Ule ni utando uliotandikwa juu ya msingi ili maji ya ardhini yasipande ukutani, na udongo wa nje unatakiwa ukae kama sentimita 15 chini yake. Wetu ulikuwa juu yake kwa zaidi ya hizo. Maji hayakuhitaji kupanda popote. Yalikuwa yakivuka kwa miguu. Yakiingia huyeyusha chumvi zilizomo kwenye tofali na lipu, na yanapokauka upande wa ndani huziacha pale pale, zikisukuma rangi. Rangi ya mafuta ndiyo mbaya kuliko zote kwa ukuta wa namna hiyo, kwa kuwa haipumui.

Nikamwuliza utakauka lini. Akasema mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kisha akaupima ukuta kwa macho na kunyamaza. Nikahesabu mwenyewe. Ni miezi, si wiki.

Tukalitoa tuta lote. Mama akapiga simu jioni ile ile, utadhani ameona: "Maua yangu mmeyatia wapi?" Kwenye ndoo, Mama. Akauliza kama ndoo zimetobolewa chini. Hazikuwa zimetobolewa. Nikazitoboa kwa msumari wa moto nikiwa na simu begani.

Uani hapakubaki sawa baada ya hapo, na mimi nikaongeza kosa. Nikitaka kufidia, nilikata nyasi mpaka karibu na udongo siku mbili kabla ya wageni, zikageuka manjano zote. Nyasi hazitakiwi kukatwa zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mara moja. Sasa najua. Michongoma ya mbele tuliipogoa vizuri, angalau, na dirisha la sebule likapata mwanga ambao halikuwa nao tangu sijui lini. Taa nazo tulizibadilisha, maana kila chumba kilikuwa na balbu yake, moja ya manjano, nyingine ya buluu ya hospitali. Tukachukua zote zilizoandikwa 2700K kwenye boksi, yaani za mwanga wa manjano wa joto, na nyumba ikatulia, kama watu waliokuwa wakisema kwa sauti tofauti wakaanza kuimba pamoja.

Picha za tangazo tulibishana. Mpiga picha alikuwa na lenzi pana inayofanya chumba cha kulala kionekane kama ukumbi. Nikamwomba apige za kawaida, akiwa pembeni mwa chumba, kamera usawa wa kifua. Mdogo wangu akanuna. Lakini mtu atakuja na picha ile kichwani, afungue mlango, akute chumba kimepungua nusu. Atakuwa ameshakasirika kabla hajavua viatu.

Na kabati? Kabati hatukulirudisha. Tulikwangua rangi ya mafuta yote na lipu iliyolegea, tukauacha ukuta wazi, wa kijivu, upumue. Dalali alipouona alishika kiuno. Akasema tumeharibu chumba kizuri kuliko vyote, tulipaswa kusubiri au kuuficha. Nikamwambia nimeshajaribu kuuficha, na ukuta umekataa. Tukakubaliana kwamba atasema kilichotokea, nami nitaweka tayari karatasi ya fundi. Hakufurahi. Nadhani ana haki kidogo: watu wawili wa kwanza waliokuja Jumamosi waliuona ukuta ule tu. Sebule, taa, michongoma, koki isiyodondosha, vyote havikuwa na maana. Walisimama mbele yake kama mbele ya ajali, wakaaga.

Leo mchana alikuja mama mmoja, mtu mzima, na binti yake. Binti alipiga picha kila kitu. Yeye alikwenda taratibu, akafungua koki akaifunga, akauliza mvua ikinyesha maji ya uani yanaelekea wapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikampeleka nikamwonyesha. Akaona mfereji tuliochimba kando ya ukuta na zile ndoo zimepangwa kivulini, akaniuliza, nikamweleza yote, hata malengelenge. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake akinitolea macho.

Tuliporudi ndani akauendea ukuta, akaweka kiganja chote bapa, akakiacha pale, kama anayempima mtoto homa.

"Bado una baridi," akasema.

"Ndiyo, mama. Unakauka."

Hakusema kitu. Akamwambia binti aandike Alhamisi, atarudi na fundi wake, si wa kwetu. Akitoka aliinama kwenye zile ndoo akageuza jani moja akatazama chini yake, wanavyofanya watu wenye bustani wakitafuta wadudu, akauliza kama maua yanauzwa na nyumba.

Nikasema nitamwuliza mwenye maua. Nimempigia Mama sasa hivi. Amekaa kimya kidogo, kisha akaniambia nisiyamwagilie leo, yamechoka kuhamishwa.