Ukurasa uliokataa kusomwa

Muhula uliopita nilisimama nyuma ya mwanafunzi wangu mmoja, darasa likiwa kimya, kila mtu ameinamia kishikwambi akisoma maelezo ya mzunguko wa damu. Yeye alikuwa amevaa hedifoni. Ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi. Akisoma mwenyewe hufika mwisho wa aya akiwa amesahau ilianza na nini, lakini msimulie habari ileile kwa mdomo, ataikamata upesi kuliko wenzake wengi. Nilikuwa nimemwekea programu ya kusoma kwa sauti, nikaona kazi yangu imekwisha.

Nikamwona anagusa kioo, anasubiri, anagusa tena. Nikamwomba hedifoni, nikasikiliza. Kimya. Kisha sauti ikasema, "Picha." Basi. Kurasa nne za maelezo, na kilichosomwa ni neno hilo moja.

Kosa lilikuwa langu. Kurasa zile nilizipiga picha kwa simu kutoka kwenye daftari langu la maandalizi, nikazigeuza kuwa PDF na kuzituma. Jicho linaona herufi pale. Kompyuta inaona vidoa vya rangi tu, kama ambavyo ingeona picha ya mti. Kuhakiki ni jambo la sekunde chache: jaribu kuchagua neno moja kwenye ukurasa kwa kidole au kipanya. Likichaguka, hayo ni maandishi. Lisipochaguka, umetuma picha, na mwanafunzi anayetegemea sauti umemfungia nje. Zipo programu za kutambua herufi ndani ya picha, nami nilijaribu moja, lakini mwandiko wangu wa mkono uliishinda. Nikakaa jioni nzima nikichapa upya.

Katika kuchapa nilijifunza jambo ambalo hakuna semina iliyowahi kunieleza likaniingia. Kichwa cha habari nilichokikoleza wino na kukikuza si kichwa kwa mashine. Ni maneno manene tu. Inabidi uende kwenye mitindo ya programu ya kuandikia na useme wazi kwamba hiki ni kichwa. Ukifanya hivyo, anayesikiliza anaweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, kama wewe unavyopitisha macho juu ya ukurasa kutafuta unachokitaka. Bila hivyo atasikiliza yote tangu mwanzo kila anapotaka kurudia sentensi moja.

Ndipo nikapakua NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini ambayo Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, aliianzisha mwaka 2006, kisha James Teh, Mwaustralia mwenzake asiyeona, akajiunga naye. Nikazima mwanga wa skrini na kusikiliza somo langu mwenyewe. Maandishi mapya yalisomeka vizuri, lakini kila penye mchoro, programu ilisema ni picha na kuendelea. Nikaanza kuandika maelezo ya michoro. Kuandika "mchoro wa moyo" hakumsaidii yeyote. Nikaandika: damu inaingia chemba ya juu ya kulia, inashuka chemba ya chini ya kulia, kisha inasukumwa kwenda mapafuni. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mchoro wenyewe haukuwa na mishale, na kwamba hata wanaoona vizuri walikuwa wanakisia damu inaelekea wapi.

Yule mwanafunzi alifurahi? Kidogo. Siku ya pili hedifoni zilikuwa ndani ya begi. Nilipomuuliza pembeni, alisema, "Mwalimu, nikivaa peke yangu wananiangalia." Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu ni kweli nilikuwa nimempa msaada unaomtangaza. Tangu hapo kila ninachoandaa kinakwenda kwa darasa zima: maandishi, sauti, na uhuru wa kukuza herufi. Binti mmoja aliyehamia kwetu akiwa bado anajifunza lugha tunayofundishia husikiliza huku akifuata maandishi kwa kidole. Wengine husikiliza wakirudia mada usiku. Sasa hedifoni haimwambii mtu chochote juu ya aliyeivaa.

Video nazo naziwekea manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa, na manukuu ya kompyuta nayapitia mwenyewe, maana huharibu istilahi za kibayolojia, ambazo ndizo somo lenyewe. Hata yakiwa sahihi, nawasihi walimu wenzangu: mwanafunzi kiziwi aliyekua na lugha ya alama huyasoma manukuu kama lugha yake ya pili. Bado anamhitaji mkalimani.

Kuna jambo jingine limenikaa moyoni. Kwa miaka kadhaa nimefundisha kwamba upofu wa rangi nyekundu na kijani huwapata zaidi wavulana, kwa kuwa jeni zake ziko kwenye kromosomu ya X, na mvulana anayo X moja tu. Wakati huohuo nilikuwa na mvulana aliyekosea kila grafu yangu. Nilimwandikia "soma kwa makini" mara tatu. Siku moja nikakaa naye, nikamwomba anionyeshe mapigo ya moyo ya mwanariadha, mstari mwekundu. Akaniambia kwa upole kwamba mistari yote miwili ni ya kahawia. Sasa mstari mmoja ni mzima, mwingine wa vipande vipande, na jina limeandikwa kwenye ncha ya kila mmoja. Nimemwomba radhi kwa yale maandishi mekundu.

Wenzangu wengine hudhani kuwajali wanafunzi tofauti ni kuwagawa: huyu hujifunza kwa macho, yule kwa masikio. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za mgawanyo huo na hawakuona ushahidi wa kutosha wa kuujengea ufundishaji. Mimi simpangii mtu mlango. Naacha milango kadhaa wazi, na nimeona mwanafunzi yuleyule akitumia mmoja leo na mwingine kesho.

Mzunguko wa damu umekamilika. Wiki hii naanza figo: kurasa tano za picha za simu na michoro sita isiyo na neno hata moja la maelezo. Mwanafunzi wa hedifoni ameomba kuipata mada kabla ya Jumatatu, ili aisikilize kwanza nyumbani.