Maharagwe yachambuliwe, lakini na nani?

Juzi usiku mpwa wangu alinijia na daftari la Kiingereza, kalamu sikioni. "Mjomba, hapa niweke 'moreover' au 'furthermore'?" Nikamwuliza sentensi mbili anazotaka kuziunga zinasema nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu ambacho hakuja kununua. Anayo orodha ya viunganishi nyuma ya daftari, na kuna mtu wa tuisheni amemwambia kila aya ianze na kimojawapo.

Orodha hiyo naijua. Sisi kule Taita tulikuwa nayo, tumeinakili kutoka kwa waliotutangulia, nao walikuwa wameinakili kwa waliowatangulia wao. Ilikuwa mali. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ilitutia kiwewe kuliko hisabati: saa mbili, alama 60, na swali la kwanza peke yake lina alama 20. Inaweza kuja barua, tangazo, kumbukumbu za mkutano. Ikija ripoti, ndiyo ile ya utangulizi, njia za kukusanya habari, matokeo, hitimisho na mapendekezo, kisha chini kabisa jina na sahihi ya aliyeiandaa. Ukishatoka hapo unakutana na kifungu chenye mapengo 10, na mapengo hayo yanapenda sana viunganishi. Sasa nani angeitupa orodha?

Tulipofika kidato cha tatu akaja Madam. Alisema amechoka kusahihisha ripoti za vyama vya vijana visivyokuwepo, tuandike kuhusu bwalo letu wenyewe. Waliosoma kule wanalijua lile bwalo. Kundi letu lilimaliza mapema, tena kwa majivuno, na kesho yake Madam akanakili aya yetu ubaoni. Naikumbuka karibu neno kwa neno: "The benches are few. Moreover, the beans have stones. However, the cooks are hardworking. Therefore, the school should improve."

Akaifuta "moreover" kwa kidole gumba. Akageuka. "Jazeni."

Darasa likamrushia: "also", "besides", "in addition", na mmoja karibu na dirisha akasema "meanwhile". Akayaandika yote kando ya ubao bila kulikataa hata moja. Akafuta "however". Hapo pakawa na kimya kidogo, kisha sauti ya nyuma kabisa ikasema "and", na kweli "and" ikakaa pale bila kumsumbua mtu. Alipofika kwenye "therefore" hakuifuta. Aliipigia mstari mara mbili, akaiweka chaki mezani, akapangusa vumbi mikononi taratibu, sisi tunamngoja. Kisha akasema kwa Kiswahili, jambo ambalo hakulifanya kamwe darasani: "Wapishi wana bidii, kwa hiyo shule iboreshe. Iboreshe nini? Bidii?"

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikiwemo, ingawa mwandiko ule wa kwanza ulikuwa wangu na kila mtu aliujua. Madam hakucheka. Alisubiri hadi mguno wa mwisho ukaisha, akauliza kwa nini maharagwe yana mawe.

Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumeyatafuna mawe hayo tangu kidato cha kwanza, tunajua hata sauti yake kwenye jino, lakini kwa nini yapo hatukuwahi kuuliza.

"Nendeni mkalete 'because'," akasema. "Iko jikoni."

Tukaenda. Mzee wa jikoni alituambia bila kuinua macho kwamba maharagwe huchambuliwa saa kumi alfajiri, dakika chache kabla ya kuingia sufuriani, na kwamba balbu ya jikoni iliungua muhula uliopita. Mwanga ni wa kuni. Hapo unatenganisha jiwe na haragwe kwa kubahatisha. Aya yetu mpya ikatoka fupi, ina "because" moja na "so" moja, na Madam alipojaribu kuzifuta hatukupata neno jingine la kujaza mahali pake. Siidharau orodha, jamani. "Although" imenisaidia sana maishani. Ila inadai uwe na mambo mawili ya kweli yanayopingana, na mambo hayo hayapatikani nyuma ya daftari.

Mapendekezo ndiyo yaliyotutoa jasho. Sharti la Madam lilikuwa kwamba kila pendekezo litokane na jambo tuliloliona, na liseme nani afanye nini, lini. Tukaandika: "The beans should be sorted in daylight, a day before cooking." Akarudisha karatasi na wino mwekundu: "By whom?"

Tulibishana maandalio yote ya jioni. Tukimtaja mzee, yeye ndiye mshika upawa, na tunakula kwake mara tatu kwa siku. Tukiutaja uongozi wa shule, tutaitwa ofisini. Mwenzetu mmoja, ambaye sasa ni wakili, akasema sentensi isiyo na mtendaji haiwezi kumkasirisha mtu. Tukaiacha ilivyo.

Madam aliipeleka ripoti kwa mwalimu mkuu. Paredi ya Jumatatu iliyofuata tukaitwa mbele, tukapigiwa makofi, pendekezo likasomwa kwa sauti kubwa. Pendekezo zuri sana, alisema, la busara, tena halina gharama. Halafu akalitafutia mtendaji: kidato cha tatu, kila siku mchana baada ya chakula.

Tukachambua maharagwe hadi muhula ukaisha. Mawe yalipungua, siwezi kusema uongo. Mzee alikuwa akivuta kiti chake mlangoni anatutazama, na siku moja akauliza: "Nyinyi waandishi, na balbu yangu je?"

Safari hii tuliandika kama tulivyofundishwa. Mhasibu wa shule anunue balbu moja ya jikoni kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu kazi za alfajiri hufanyika gizani. Nani yupo, nini ipo, lini ipo, sababu ipo. Madam aliipa alama nyingi kuliko ile ya kwanza na akaibandika ukutani mwa darasa iwe mfano. Nilipomaliza kidato cha nne ilikuwa bado pale ukutani, na jikoni mzee alikuwa bado anatumia mwanga wa kuni.