Kupunguza mafuta ya mwili bila kupoteza nguvu: kilichosaidia

Uzito ulikuwa unashuka vizuri, lakini skwati (kuchuchumaa na kusimama na chuma mabegani) ya kilo 100 iliyokuwa inakwenda mara tano ikawa inakwama kwenye ya pili. Kuongeza mbio za jioni hakukusaidia. Vyuma vyepesi kwa marudio 20 vilizidisha tatizo: chakula kikiwa kidogo, msuli usiobebeshwa mzigo mzito hupoteza nguvu ya kuubeba.

Dawa ilikuwa kuacha kilo za chuma zilivyo na kukata seti, yaani mafungu ya marudio yanayofanywa mfululizo. Kutoka seti tano hadi tatu za marudio matano, siku tatu kwa wiki, na mapumziko ya dakika tatu hadi tano kati ya seti. Msiguse kilo, jamani, kateni seti.

Halafu jikoni. Huku Kigoma dagaa wanatosha kabisa kwa protini. Lengo ni gramu 1.6 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili. Kalori zilikuwa zinajificha kwenye mawese yanayomiminwa kwa kukadiria: kijiko kimoja cha chakula ni kalori kama 120. Pima kwa kijiko kabla hayajaingia sufuriani. Ugali usiuache, ule saa mbili kabla ya mazoezi. Uzito ukishuka zaidi ya kilo moja kwa wiki, ongeza ugali kwanza.