Lẩu ya Vietnam: ninavyopanga moto, nyama na mboga mezani

Mhudumu akishatua mezani sufuria ya lẩu, yaani supu inayochemkia mezani huku walaji wakitumbukiza nyama na mboga, na kuwasha jiko dogo la gesi, upishi uliobaki ni wako. Supu imeshaungwa jikoni, lakini nyama, samaki na mboga vimeletwa vibichi kwenye sahani. Utamu wa saa nzima inayofuata unategemea unatanguliza nini na moto unauwekaje, na hapo ndipo wageni wengi wanapoharibu chakula kizuri walichokilipia.

Kwanza chagua supu, maana lẩu ni nyingi na hazifanani hata kidogo. Lẩu Thái ina mchaichai, uchachu na pilipili, nayo huenda vizuri na vyakula vya baharini. Hanoi utakutana na lẩu riêu cua: kaa wadogo wa mashamba ya mpunga wanatwangwa, wanachujwa kwa maji, kisha maji yale yanapashwa taratibu mpaka nyama ya kaa igande na kuelea juu, pamoja na nyanya. Kwenye delta ya Mekong, Cần Thơ na Châu Đốc, mfalme ni lẩu mắm, ya samaki waliochachushwa kwa chumvi. Harufu yake ni kali inapofunuliwa, ila mchaichai na bilinganya huituliza, na mboga zake ni nyingi kuliko za lẩu nyingine yoyote ninayoijua: mashina ya yungiyungi, ua la mgomba lililokatwa nyembamba, karela, na majira ya mafuriko maua ya njano yaitwayo điên điển.

Kwa mtu wa kwetu anayeanza, mimi humwelekeza kwenye lẩu dê, ya mbuzi. Nyama huja na mfupa na ngozi, imeshachemshwa, ndani ya supu yenye kunazi kavu nyekundu na mizizi ya dawa za Kichina, na pembeni magimbi na utando mkavu wa maziwa ya soya. Pamoja nayo huletwa kibakuli cha chao, yaani tofu iliyochachushwa, yenye chumvi nyingi na ulaini wa siagi. Ponda kipande kimoja kwa vijiti, kamulia ndimu, tia sukari kidogo na pilipili, koroga mpaka iwe rojo. Chovya ncha tu ya nyama. Ukichovya kipande kizima hutaonja mbuzi, utaonja chumvi.

Sasa moto. Funika sufuria, washa moto mkubwa, subiri supu itokote katikati, si pembeni tu. Ionje kabla hujatia chochote, ujue chumvi yake ilivyo mwanzoni. Vinavyochelewa kuiva vitangulie: magimbi, karoti, uyoga mnene. Magimbi mabichi yanataka dakika 10 hadi 15, na yakizidi hapo yanavurugika na kuifanya supu kuwa nzito. Nyama na samaki vifuate kidogo kidogo, vipande vinne au vitano kwa mara moja. Ukimwaga sahani nzima ya nyama baridi, mchemko unakufa papo hapo: nyama inakaa kwenye maji vuguvugu, inatoa povu la kijivu, inakuwa ngumu, na supu inachafuka. Povu likitokea, lienguliwe kwa upawa kabla halijazama.

Muda uhesabiwe tangu supu ianze kutokota tena, si tangu ulipotumbukiza. Ng'ombe aliyekatwa nyembamba mshike kwa vijiti, mzungushe kwenye supu, mtoe akishabadilika rangi yote. Ngisi dakika moja, akizidi anakuwa mpira. Kamba watolewe wakishakuwa wekundu na kujikunja, kama dakika tatu. Minofu ya samaki dakika tatu hadi nne, na usiikoroge, itavunjika. Kome na chaza wasiofunguka baada ya kuchemka, watupe. Samaki wa mtoni na kaa wa mpunga wasiliwe nusu mbichi hata kama jirani anafanya hivyo, kwa sababu wanaweza kubeba minyoo. Kwa sababu hiyohiyo omba jozi mbili za vijiti: moja ya kutilia vibichi, moja ya kulia.

Lẩu riêu cua ina sharti lake. Yale mabonge ya kaa yakichemshwa kwa nguvu yanasambaratika na kupotelea kwenye supu, kwa hiyo yaenguliwe mapema yawekwe bakulini, au moto ushushwe mpaka supu icheze tu.

Majani yaje mwishoni, konzi moja kwa kila mzunguko wa kula. Rau muống, mboga ya majini yenye shina lenye uwazi, inahitaji nusu dakika. Ua la mgomba nalizamisha tu na kulitoa. Tambi za mchele, bún, hazitiwi kwenye sufuria: weka bakulini, kisha zimwagie supu ya moto. Zikiingia sufuriani zinakatika na kuifanya supu kuwa uji. Tambi za ngano za pakiti ndizo zinazochemshwa ndani, tena mwishoni kabisa, kwa dakika mbili, zinywe ladha yote iliyokusanyika.

Kufikia hapo supu imepungua na chumvi imepanda. Usiongeze maji ya kunywa, yataiua ladha. Sema "thêm nước lẩu", watakuletea supu nyingine ya jikoni, na mara nyingi hawadai malipo. Mhudumu mdogo kwako mwite "em ơi", dada aliyekuzidi umri "chị ơi", kaka "anh ơi", kwa sauti ya kusikika; kuita kwa sauti si utovu wa adabu pale.

Kwa Waislamu: supu nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe hata kama nyama ya mezani ni ya ng'ombe au kamba, na lẩu mắm kwa kawaida huwa na vipande vya nyama hiyo. Kusema "không thịt heo" (kusini) au "không thịt lợn" (kaskazini) kutaondoa nyama ya sahani, si mchuzi wa mifupa. Uliza mifupa ya supu ni ya mnyama gani. Njia salama zaidi ni migahawa ya chay, isiyopika nyama kabisa, yenye lẩu nzuri ya uyoga, au migahawa ya halali, kama ile ya mtaa wa Nguyễn An Ninh karibu na soko la Bến Thành, jijini Ho Chi Minh.

Sufuria ndogo inatosha watu wawili, kubwa wanne au watano. Ukiwa peke yako tafuta kwanza duka linalouza ya mtu mmoja. Vyakula vya baharini vilivyoandikwa "thời giá" vina bei ya siku hiyo, kwa kilo, kwa hiyo uliza kabla havijapimwa. Taulo la baridi na karanga zilizokwishawekwa mezani huingia kwenye hesabu ukizifungua. Usipozitaka, zisogeze pembeni zikiwa zimefungwa kabla ya kusema "tính tiền", yaani kuomba hesabu.