Leo na mimi nimekuwa mtalii Bangkok 😂

Jamani mi huku nakujaga kufuata mzigo tu, ni Pratunam (soko la nguo), hoteli, airport, basi. Leo watu wa kago wakasema mzigo mpaka kesho, nikasema poa ngoja nizurure.

Nimepanda boti mto Chao Phraya nikashuka kituo cha Tha Tien, niende hekalu la Wat Pho. Sijafika hata getini kaka mmoja wa tuk-tuk (bajaji zao) ananiambia dada leo hekalu limefungwa, panda nikupeleke kwingine. Nikamwangalia tuu. Mtu wa Kariakoo unanifunga kamba kirahisi hivyo? Nikanyoosha, geti wazi, watu kibao.

Sasa Wat Pho ndani kuna sanamu ya Buddha amelala, mita 46, amepakwa dhahabu mwili mzima, unatembea ubavuni kwake hufiki miguuni.

Ila kilichonimaliza ni ule mlio.

Mgongoni kwake kuna bakuli za shaba 108 kwa mstari, unachukua visarafu unadondosha kimoja kimoja kila bakuli. Ting. Ting. Ting. Jengo zima linalia hivyo.

Mbele yangu bibi mmoja mkono unamtetemeka, anadondosha taratiiibu, kikimponyoka anaokota anarudia, na foleni yote nyuma kimya, hakuna anayemharakisha. Na mimi ninavyosonyaga benki 🙈 nimesimama peku kwenye sakafu ya baridi mpaka kamaliza bakuli la mwisho.

Bado kale ka ting kako masikioni.

Mliofika huku, kesho nina nusu siku, niende wapi? Msinitajie maduka plz